Sikilameni za Vuli: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua na Kuzilea Nyumbani

Nyuma ya nyumba ninayoishi hapa Uingereza kuna mtufaha mzee, na chini yake pana kipande cha ardhi ambacho nyasi zimeshindwa kuota. Agosti nzima pale ni vumbi na mizizi. Halafu usiku mmoja inanyesha mvua yenye ubaridi, na siku chache baadaye vitumba vya rangi ya waridi vinachomoza ardhini vikiwa vimeinamisha vichwa, bila hata jani moja kuvisindikiza. Hiyo ndiyo Cyclamen hederifolium, mojawapo ya sikilameni za vuli, maua madogo yanayoota kutoka kwenye kiazi kilicho ardhini. Kila mwaka naisubiri kama mtu anayesubiri mgeni wake kituoni, na kila mwaka nikiiona moyo unanichanua.

Wenyeji wa hapa huita majira haya vuli kwa maana ya majani kupukutika na mwaka kwenda kulala. Kwetu sisi vuli ni mvua: kiangazi kimekwisha, ardhi imelowa, watu wanashika majembe. Mmea huu unaijua vuli yetu kuliko vuli ya Wazungu. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, ambako Juni hadi Agosti hapanyeshi na mvua hurudi pamoja na ubaridi wa Septemba na Oktoba. Kwa hiyo mwaka wake umepinduka. Hulala kiangazi, huamka vuli, hunawiri majani kipupwe kizima, msimu wa baridi wa huku, bustani nyingine zote zikiwa uchi, kisha hukauka tena Mei. Ukilishika hilo moja, karibu kila agizo lililomo humu utaweza kulikisia kabla sijaliandika.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mtu anayeishi mahali penye baridi, awe na bustani, kibaraza au kizingiti cha dirisha tu. Aliyeko Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam sitamshauri ajaribu: usiku wa pwani hauna ubaridi wa kuziamsha, na joto lenye unyevu huozesha kiazi.

Kabla ya yote: ile ya dukani si hii

Sikilameni zenye maua makubwa zinazopangwa kwenye maduka kuanzia Septemba, nyekundu, nyeupe na zambarau, zote ni uzao wa Cyclamen persicum. Asili yake ni nchi za mashariki mwa Bahari ya Kati na, porini, wakati wake mkuu wa kuchanua ni kipupwe hadi majira ya kuchipua. Wakulima wameilea vizazi na vizazi hadi ikachanua vuli. Ni maua mazuri kwa ndani, kwenye chumba chenye ubaridi, lakini sakitu (umande ulioganda kwa baridi) ya kwanza kali huigeuza uji. Wengi huipanda nje, ikafa, wakaamini kwamba sikilameni haziwezi baridi. Hederifolium hufunikwa na theluji, barafu ikayeyuka, na majani yakanyanyuka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna namna rahisi ya kuitambua persicum hata ikiwa imepachikwa jina la uongo. Ua likishachavushwa, kikonyo cha sikilameni nyingi hujisokota kama springi na kulivuta tunda chini hadi udongoni. Kikonyo cha persicum hakijisokoti, hupinda tu.

Jinsi ya kuitambua uliyonayo

Jenasi hii, yaani ukoo mzima wa sikilameni, ina spishi (aina) zipatazo 23. Zinazochanua vuli zinazoweza kupatikana kwa wauzaji ni chache, na ukifuata utaratibu huu utafika. Usianze na madoa ya majani. Michoro ya fedha na kijivu juu ya jani ndiyo inayovutia macho kwanza, lakini hederifolium peke yake ina majani ya kila namna: mapana, membamba kama mkuki, ya kijani kitupu, ya fedha tupu. Michoro itakudanganya. Anza na ua.

Hatua ya kwanza, inama utazame mdomo wa ua, pale petali zinapokunjika kurudi juu. Je, kila petali ina vibonge viwili vidogo vilivyotokeza pembeni kama masikio? Ukiona masikio, uko kwenye kundi la hederifolium, africanum, graecum, cyprium na rohlfsianum. Usipoyaona, mdomo ukawa laini, uko kwenye kundi la cilicium, mirabile na intaminatum, au umeshika persicum.

Hatua ya pili, angalia kama majani yametoka. Hederifolium kwa kawaida hutangulia kutoa maua, majani yakafuata. Africanum, ya Algeria na Tunisia, hutoa vyote karibu kwa pamoja. Hizi mbili ndizo zinazosumbua watu kuliko zote, kwa sababu maua yao yanafanana kama mapacha. Mimi hufukua udongo kidogo kwa kidole na kufuata vikonyo hadi kwenye kiazi. Vya hederifolium hutambaa kwanza kwa upande chini ya udongo, kisha vikapinda kama kiwiko na kupanda juu. Vya africanum huinuka wima moja kwa moja kutoka kwenye kiazi, na jani lake huwa kubwa, nene, lenye kung'aa. Uwe tayari pia kukuta ambayo si hii wala ile: zikipandwa jirani huzaana, na chotara wao ana jina lake, Cyclamen × hildebrandii. Mmea unaouzwa kama africanum ukistahimili sakitu miaka mitano nje bila kinga, mimi ningeshuku damu ya hederifolium ndani yake.

Hatua ya tatu ni kiazi chenyewe. Hapa ndipo penye ushahidi usiobishaniwa sana, nami nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua viazi vikavu vitatu vya hederifolium. Upande mmoja ulikuwa na mabaki ya mizizi, mwingine laini na wa mviringo. Nikafanya ambalo mkulima yeyote wa muhogo au magimbi angefanya: upande wa mizizi nikauelekeza chini. Viwili vilioza. Kiazi cha hederifolium hutoa mizizi juu na ubavuni, na upande wake wa chini ndio ulio mtupu. Nimekiona cha ua la jirani, mzee aliyelikuta alipohamia, kina upana wa sahani ya pilau. Viazi hivi huishi makumi ya miaka, vingine hupita karne.

Cilicium, mirabile na intaminatum hutoa mizizi myembamba katikati ya chini, kama mkia. Graecum nayo hutoka chini lakini mizizi yake ni minene, imara, kama kamba za nanga, inayochimba kina kirefu kutafuta unyevu kati ya miamba ya Ugiriki. Ukiitoa graecum kwenye chungu mara moja tu, hutaisahau mizizi ile. Jani lake nalo lina mng'ao wa hariri na ukingo mgumu wenye vijino vidogo, mdomo wa ua una mistari ya zambarau iliyokolea, na kikonyo cha tunda huanza kujisokota katikati au chini zaidi, si kuanzia juu penye tunda kama cha hederifolium.

Wale watatu wa Uturuki wasio na masikio nawapenda kwa udogo wao. Cilicium hutoka kwenye misitu ya misonobari ya milima ya Taurus. Ua lake ni la waridi jepesi, lina doa jekundu-zambarau chini ya kila petali, na siku yenye jua kidogo hunukia asali. Mirabile inafanana nayo sana, ila kingo za petali zake zimekatwakatwa kama tamvua za ushungi, na jani likiwa changa huwa na wekundu upande wa juu. Rangi hiyo hufifia jani likikomaa, kwa hiyo itazame mapema. Intaminatum ndiyo ndogo kuliko zote: ua jeupe lenye mishipa ya kijivu, halina doa lolote, petali haifikii sana sentimita moja. Chungu cha kikombe cha chai kinaitosha.

Cyprium haipatikani porini popote isipokuwa kisiwa cha Saiprasi, na tangu 2006 ndilo ua la taifa huko. Ni jeupe au waridi hafifu, na mdomoni lina alama ya zambarau yenye umbo la herufi M. Harufu yake ni nzuri mno.

Rohlfsianum hutoka Libya, kwenye Jebel Akhdar huko Cyrenaica. Utaijua kwa koni ya chavulio (sehemu inayobeba chavua) inayochungulia nje ya mdomo wa ua, jambo usiloliona kwa ndugu zake wa vuli. Imepewa jina la Gerhard Rohlfs, msafiri Mjerumani. Huyo ndiye yule aliyekuwa konseli wa Ujerumani Zanzibar mwaka 1885, wakati nchi yake inaanza kuinyemelea pwani yetu. Kila nikiitazama sikilameni hii nakumbuka kwamba waliokuja kuhesabu mimea ya watu na waliokuja kuchukua ardhi zao mara nyingine walikuwa ni watu wale wale.

Purpurascens ya milima ya Alps nitaitaja kwa ufupi: huanza kuchanua Julai na huweza kuendelea hadi vuli, inanukia, na haipendi kukauka kabisa wakati wowote. Haifuati sheria za wengine.

Kuna na ndugu mmoja wa upande wetu wa dunia. Cyclamen somalense, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1989 na Mats Thulin pamoja na Ahmed Mumin Warfa, huota kwenye milima ya kaskazini-mashariki mwa Somalia, mbali kabisa na jamaa zake. Ni nadra mno katika bustani, lakini nataka msomaji wa Kiswahili ajue kwamba ipo.

Kununua

Nunua mmea ulio kwenye chungu, wenye majani au maua, Septemba hadi Novemba. Utaona unachonunua, na mizizi iko hai. Viazi vikavu vya mifukoni ni rahisi kwa bei, lakini vingi vimekaa rafuni hadi vikafa ndani. Ikikulazimu, chagua kizito, kigumu unapokibonyeza, chenye vichipukizi hai juu.

Uliza vilevile vimetoka wapi. Miaka ya 1980 viazi vilichimbwa kwa wingi kwenye milima ya Uturuki na kusafirishwa kuuzwa Ulaya. Leo sikilameni zote za porini zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea ya porini, maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Ukienda likizo Ugiriki au Saiprasi ukaikuta imechanua kwenye mawe, ipige picha uiache. Muuzaji mwaminifu atakwambia mimea yake imeoteshwa kwa mbegu.

Kupanda ardhini

Kwa anayeanza, ardhini panda hederifolium, ukitaka ongeza cilicium. Nyingine ziweke vyunguni kwanza.

Mahali bora ni chini ya mti unaopukutisha majani. Kiangazi mti huo hunywa maji yote na kukifanya kiazi kilale pakavu, na kipupwe ukiwa mtupu huruhusu mwanga uyafikie majani ya sikilameni. Hata chini ya mti usiopukutika panaweza kufaa mradi pawe na mwanga kiasi. Usipande mahali maji yanapotuama.

Fukua udongo kina cha kiganja, uchanganye na mboji ya majani yaliyooza na changarawe ndogo. Kilaze kiazi bapa, juu kukiwa juu, kisha kifunike kwa sentimita 3 hadi 5. Kwa hederifolium kifuniko hiki si cha hiari, maana mizizi inatokea juu. Ukiwa huna hakika upande upi ni upi, kisimamishe ubavu, kitajielekeza chenyewe. Acha nafasi ya sentimita 15 kati ya kimoja na kingine. Mwagilia mara moja, vizuri, kisha mvua ya vuli iachie kazi yake.

Baada ya hapo hazihitaji mengi. Julai, majani yakishakauka, nyunyiza safu nyembamba ya mboji ya majani juu yao. Kuanzia katikati ya Agosti jembe na reki visiguse hapo, kwa sababu vitumba viko chini ya udongo kidogo tu na huvunjika kwa kuguswa. Weka vijiti kuzunguka eneo ili asije mwanafamilia akapachimbua kwa kudhani ni patupu.

Kulea kwenye chungu

Hapa ndipo wanaoishi ghorofani wanapoweza kuwa na graecum, cyprium na africanum, ambazo mwenye bustani ya nje huku hawezi kuzitegemea. Chukua sehemu 2 za udongo wa kupandia wenye udongo halisi ndani yake, si ule wa mboji tupu unaobaki kama sifongo, sehemu 1 ya changarawe au perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kuupa udongo hewa), na sehemu 1 ya mboji ya majani. Chungu kiwe na nafasi ya vidole viwili kuzunguka kiazi, si zaidi: chungu kikubwa mno hubaki na maji. Kwa graecum chagua kirefu kwa ajili ya ile mizizi. Maliza kwa safu ya changarawe juu ili shingo ya mmea ibaki kavu.

Kumwagilia ndiyo kazi yote. Mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, usiku ukianza kuwa na ubaridi, mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini. Kisha subiri uone uhai. Vitumba vikitokeza, endelea kumwagilia kila udongo wa juu unapokauka, ukipitishia maji ukingoni au kwenye kisahani na kumwaga yaliyobaki baada ya nusu saa. Usiyamimine katikati ya majani. Majani yakishaenea, mpe mbolea ya maji ile ya nyanya, nusu ya kipimo, mara moja kwa mwezi hadi Machi. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hukuza majani mapana malegevu yanayoshikwa na ukungu.

Aprili na Mei majani huanza kuwa ya manjano. Usihuzunike wala usiongeze maji. Punguza, kisha acha. Juni hadi Agosti chungu cha hederifolium na cilicium kikae kivulini, kikavu, kikinyunyiziwa kidogo sana kila wiki mbili au tatu ili viazi vidogo visisinyae. Graecum hutaka kinyume chake: iweke kwenye jua kali kabisa ulilonalo, juu kukiwa kukavu, lakini chungu cha udongo wa kuchoma kikizikwa nusu ndani ya mchanga wenye unyevu hafifu, ili mizizi ya chini isife. Graecum isiyopata jua la kiangazi hutoa majani mazuri na maua mawili.

Ndani ya nyumba adui ni redieta, kile chuma cha kupasha chumba joto. Kizingiti cha chumba kisichopashwa moto, ukumbi wenye baridi, banda la vioo lisiloganda: huko zinafurahi. Rohlfsianum, africanum na cyprium zizuie zisipatwe na sakitu. Hizo nyingine, ukiiondoa persicum, huvumilia usiku wa chini ya nyuzi 0 bila shida, ingawa chungu kilichoganda kizima kwa siku nyingi ni hatari kwa mmea wowote.

Zinazozila na zinazoziozesha

Mdudu wa kuogopwa ni fukusi wa mizabibu. Mkubwa hukata ukingo wa majani nusu duara kama tiketi iliyotobolewa, lakini mabuu wake weupe wenye kichwa cha kahawia, waliojikunja udongoni, ndio wanaokila kiazi kimya kimya. Mmea ukinyauka ilhali udongo una maji, utoe chungu kizima ukague. Nematodi (minyoo midogo mno) wanaouzwa kwa kazi hii hutiwa mwisho wa Agosti hadi Septemba, udongo ungali na joto.

Ukungu wa kijivu huja na hewa iliyotulia na majani yaliyokufa. Usikate jani bovu kwa mkasi ukaacha kisiki. Lishike chini kabisa, lizungushe, livute litoke zima. Kindi na panya huchimbua viazi vilivyopandwa karibuni. Wavu wa waya juu ya udongo kwa miezi michache huwakatisha tamaa.

Kiazi kina saponini, ni sumu kwa paka, mbwa na watoto wadogo. Jina la zamani la Kiitaliano ni mkate wa nguruwe, lakini hilo lisikupe moyo wa kukionja.

Kuotesha kwa mbegu

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo njia sahihi ya kuongeza, maana viazi hivi havigawanyiki kama vya tangawizi. Tunda lililovutwa chini na kikonyo chake hukaa hapo miezi yote hadi Juni au Julai mwaka unaofuata. Likilegea unapolibinya na kuanza kupasuka, lichume siku hiyohiyo. Ukichelewa, sisimizi watakuwa wamekutangulia: mbegu zimepakwa utomvu wa sukari, nao huzibeba hadi makwao, wakala utamu na kuiacha mbegu. Ndiyo sababu miche huchipuka kwenye nyufa za sakafu ambako hukupanda kitu.

Zipande zikiwa mbichi. Ziloweke usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, zisuuze, zipange juu ya udongo uleule wa chungu kwa nafasi ya sentimita 2, na uzifunike kwa sentimita 1. Mwagilia, funga chungu ndani ya mfuko, kiweke mahali pa giza penye ubaridi, nyuzi 15 hivi. Giza ni lazima, na joto la zaidi ya nyuzi 20 huzizuia. Baada ya wiki 4 hadi 8 anza kuchungulia. Mbegu hutengeneza kwanza kiazi kidogo kama punje ya mtama, kisha ndipo hutuma jani moja juu. Likionekana tu, toa mfuko na upeleke kwenye mwanga. Zilizokawia usizitupe, nyingine huota vuli inayofuata.

Kiangazi cha kwanza usiikaushe miche. Yaache majani yaendelee mpaka yatakapokufa yenyewe, maana kila wiki ya ziada ni kiazi kinanenepa. Iache pamoja kwenye chungu hichohicho miaka miwili, kisha itenganishe Agosti kabla haijaamka. Ua la kwanza tarajia mwaka wa tatu, la hederifolium pengine mwaka wa pili.

Na kila chungu kipe kibandiko chake siku ileile ya kupanda: jina, mwezi na mwaka, na mbegu ulikozipata. Tumia penseli, wino hufutwa na jua.